Milango ndani ya kauri: namna ya kutengeneza kipandikizi chenye matundu cha kuziba pengo la mfupa

Kipande cha kauri chenye uwazi wa asilimia 80 kinaweza kukaa ndani ya mguu wa mtu mwaka mzima bila mfupa kuingia zaidi ya ganda la nje, ilhali kingine chenye uwazi wa asilimia 65 tu kikajaa mfupa mpya hadi katikati. Tofauti yao haiko kwenye wingi wa matundu. Iko kwenye milango, yaani njia zinazounganisha tundu moja na jirani yake.

Seli zinazojenga mfupa haziwezi kuishi mbali na damu. Katika mfupa ulio hai ni nadra seli kuwa mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya maikromita 200 hivi (maikromita 1,000 ndizo milimita 1). Mshipa nao hautoboi ukuta wa kauri. Hupita palipo wazi. Kwa hiyo tundu pana la nusu milimita lililozingirwa ukuta pande zote ni chumba ambacho hakuna anayeweza kuingia. Majaribio kwa wanyama yaliyochapishwa kuanzia 1970 yaliweka kima cha chini cha upana wa tundu kuwa maikromita 100. Baadaye ikaonekana kwamba mlango wa maikromita 20 unatosha seli kupenya, lakini mfupa wenye madini hautulii vizuri hadi mlango uzidi maikromita 50. Watengenezaji wengi hulenga tundu la maikromita 300 hadi 500 na mlango wa 100 au zaidi.

Shida ni kwamba kila mlango unaofunguliwa umetolewa kwenye ukuta. Nguvu ya kauri yenye matundu wazi hufuata kiasi cha kauri kilichobaki, kikipandishwa kwa kipeo cha 1.5. Ukitoka kwenye uwazi wa asilimia 70 kwenda 85, kauri imepungua nusu, kutoka 30 hadi 15, lakini nguvu inabaki kama theluthi moja tu. Mfupa sifongo, ule wa ndani ya vichwa vya mifupa na pingili za uti wa mgongo, hustahimili mkandamizo wa takribani megapaskali 2 hadi 12. Mfupa mgumu wa nje hustahimili 100 hadi 230. Kauri iliyotengenezwa kwa njia ya sponji, ikitoka tanurini mara ya kwanza, mara nyingi haifiki hata 1. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini ni mvutano huohuo kati ya milango na kuta, na makosa mengi hutokea mtu anaposahau upande mmoja.

Kwa nini kalsiamu na fosfati

Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini ya apatiti, yaani fuwele ndogo sana za kalsiamu na fosfati zenye kaboneti kidogo. Kinachobaki ni maji na protini, hasa kolajeni. Ndiyo maana hidroksiapatiti iliyotengenezwa maabara, yenye atomi 10 za kalsiamu kwa kila atomi 6 za fosforasi (uwiano wa 1.67), haikataliwi na mwili: mfupa huota moja kwa moja juu yake bila kuweka utando wa kovu katikati. Ila huchelewa kuondoka. Ikichomwa ikashikana vizuri, hubaki mwilini miaka mingi. Ndugu yake, beta-trikalsiamu fosfati yenye uwiano wa 1.50, huliwa na seli za mwili ndani ya miezi kadhaa hadi miaka miwili hivi, na nafasi yake huchukuliwa na mfupa. Wengi huchanganya zote mbili. Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni asilimia 60 ya hidroksiapatiti na 40 ya beta kwa uzito, ambao uwiano wake wa jumla ni 1.60.

Kujaza pengo la mfupa kwa kitu cha kutengenezwa si wazo la jana. Dreesmann, huko Ujerumani, alichapisha mwaka 1892 taarifa za wagonjwa aliowajaza plasta ya Paris kwenye mashimo ya mifupa. Plasta huyeyuka kwa wiki chache, na mfupa hauwahi. Mwaka 1920 Albee, Marekani, akaeleza matumizi ya kalsiamu fosfati. Hadi leo kipimo ambacho madaktari wa mifupa hulinganishia kila kitu ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliochotwa ukingoni mwa nyonga. Huo una seli hai, hakuna kauri inayoushinda. Lakini unaacha jeraha la pili, unauma muda mrefu, na hautoshi pengo likiwa kubwa. Hapo ndipo kauri inapohitajika, na hata hapo ni kwa kujaza shimo ambalo sahani ya chuma na skrubu zimeshika mzigo. Kauri hii peke yake haibebi mwili, na haiwekwi kwenye kidonda chenye usaha.

Unga ndio chanzo cha mambo

Kosa la kwanza hufanyika kwenye unga, na halijitokezi mpaka kipande kimekwisha kuchomwa na kukaa rafu wiki kadhaa. Tuseme unataka gramu 100 za hidroksiapatiti. Hesabu yake ni moles 10 za kalsiamu hidroksidi kwa 6 za asidi ya fosforiki, yaani gramu 73.8 za hidroksidi na gramu 58.5 za asidi halisi. Asidi inayouzwa ina nguvu ya asilimia 85, kwa hiyo pima gramu 68.9.

Mtego uko kwenye hidroksidi. Hidroksidi hiyo ni chokaa, nayo hunyonya kaboni dayoksidi ya hewani kila kopo linapofunguliwa, na sehemu yake hugeuka kaboneti. Ukipima gramu 73.8 kutoka kopo la zamani, hujapima kalsiamu unayoidhani. Njia ya kuaminika ni kuanza na kalsiamu kaboneti safi ya maabara: choma gramu 100 na ushee kwa nyuzi 1,000 za Selsiasi kwa saa 3, ipoe ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, kisha pima gramu 55.8 za chokaa hai (kalsiamu oksidi) na uizime kwenye lita 2 za maji yaliyokenekwa na kuchemshwa ili yatoe hewa. Itapata moto, kwa hiyo tia chokaa kidogo kidogo. Asidi nayo iyeyushe kwenye lita 2 nyingine za maji.

Dondosha asidi ndani ya maji ya chokaa kwa saa 2 hadi 3, huku ukikoroga kwa nguvu bila kusimama. Anayemimina kwa haraka hupata sehemu zenye asidi nyingi kuliko chokaa kwa muda, na humo hujitengeneza fosfati nyingine ambazo si apatiti. pH isishuke chini ya 9. Ikikaribia, ongeza amonia. Acha mchanganyiko ukorogwe saa 24, kwa maana apatiti hukomaa polepole. Kisha chuja, osha, kausha kwa nyuzi 80 hadi 100, saga, na uchome unga kwa nyuzi 900 kwa saa 2. Uchomaji huu wa awali si wa mapambo. Unga mbichi ni sindano ndogo mno zenye eneo kubwa la uso, zinazokunywa maji kama mchanga mkavu, na uji wake utakuwa mzito kabla hujafika nusu ya unga unaohitaji.

Sasa pima ulichopata. Choma kijiko kimoja kwa nyuzi 1,000 na ukipeleke kwenye mashine ya eksirei ya kuchunguza fuwele. Kwa mionzi ya shaba, kilele kikuu cha hidroksiapatiti hukaa kwenye nyuzi 31.8 za pembe. Kilele kidogo kikijitokeza kwenye 31.0, una beta-trikalsiamu fosfati, maana yake kalsiamu imepungua. Kikijitokeza kwenye 37.3, una chokaa hai, kalsiamu imezidi. Upungufu unasameheka, na ukitaka mchanganyiko wa 60 kwa 40 ndiyo njia yenyewe: unapunguza kalsiamu makusudi hadi uwiano wa 1.60, na moto unagawanya unga kuwa madini mawili. Ziada haisameheki. Chokaa hai iliyofichika ndani ya kauri hunyonya unyevu wa hewa, huzimika, na ujazo wake hukaribia kuwa maradufu. Kijiti cha kauri, yaani ukuta mwembamba kati ya matundu, chenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita hakiwezi kuvumilia hilo; hupasuka chenyewe kikiwa kwenye pakiti. Asiye na mashine ya eksirei karibu alowanishe kipande kilichochomwa kwa maji na adondoshee fenolifthalini: kikigeuka waridi, kuna chokaa huru, na unga huo haufai.

Rangi pia inasema. Hidroksiapatiti iliyotoka tanurini na ubuluu hafifu ina manganizi, hata kama ni chembe kidogo sana. Ubuluu wenyewe hauui mtu, lakini ni ushahidi kwamba malighafi si safi, na pengine kuna mengine yasiyo na rangi. Viwango vya Marekani vya hidroksiapatiti ya vipandikizi vinaruhusu aseniki isiyozidi sehemu 3 kwa milioni, kadimiamu 5, zebaki 5, risasi 30, na metali nzito zote kwa pamoja 50. Chokaa ya kuchoma kienyeji, hata iwe nyeupe kiasi gani, haiwezi kuahidi hayo. Maganda ya mayai, ambayo vyuo vingi vinayafanyia majaribio, ni kaboneti safi kwa kiasi kizuri, lakini yana magnesiamu, na magnesiamu huvuta mchanganyiko kuelekea beta hata kama uwiano wako ulikuwa sahihi kwenye karatasi.

Uji na sponji

Njia inayofaa kuielewa kabla ya nyingine zote ni ya sponji. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1963 na Schwartzwalder na Somers, na viwanda vya kuyeyusha metali viliichukua kutengeneza vichujio. Wazo lake ni jepesi: paka sponji uji wa kauri, kausha, unguza sponji, choma kauri. Umbo la sponji linabaki likiwa la jiwe.

Sponji yenyewe iwe ya poliyurethani iliyoondolewa utando kati ya matundu yake. Sponji nyingi za magodoro hubakiza vitando vyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kila kitando kikipakwa uji ni mlango uliofungwa milele. Kuitia sponji kwenye maji ya sodiamu hidroksidi kwa muda na kuisuuza vizuri huondoa sehemu ya vitando na kukwaruza uso ili uji ushike. Kwa kipandikizi chagua sponji ya matundu 45 hivi kwa kila inchi, yaani tundu moja kila maikromita 560. Kauri ikisinyaa tanurini kwa asilimia 20 kila upande, umbali huo unabaki 450, na ukiondoa unene wa kijiti upo ndani ya lengo. Ukichukua sponji ya matundu 80 kwa inchi kwa sababu inapendeza machoni, milango itajifunga kwa uji kabla hujafika tanurini.

Uji wenyewe, kwa gramu 100 za unga uliochomwa na kusagwa hadi maikromita 1 au 2: maji yaliyokenekwa gramu 60, kitawanyishi cha aina ya amoniamu polimethakrileti gramu 1.2, na gundi ya polivinili alkoholi gramu 2.5. Tanguliza maji na kitawanyishi, ndipo uongeze unga kwa mafungu. Saga ndani ya mtungi wa plastiki wenye gololi za zirkonia unaozunguka kwa saa 12 hadi 24. Gololi za chuma zitaacha kutu kwenye mfupa wa mtu. Gundi iliyokwisha kuyeyushwa kwenye sehemu ya maji hayohayo iingie mwishoni, mzunguko ukiwa wa polepole, kwa sababu hutoa povu. Tone moja au mawili ya oktanoli hulizima.

Uji mzuri hulegea unaposukumwa na hushika unapoachwa, kama sosi ya nyanya kwenye chupa. Tabia hiyo ni muhimu kuliko uzito wake. Uji unaobaki mwepesi baada ya kuacha kusukumwa utashuka chini ya sponji usiku, na asubuhi utakuwa na kipande kilichozibika chini na chenye vijiti vya karatasi juu. Uji unaobaki mzito hata ukisukumwa hautaingia katikati. Kitawanyishi ndicho kinachoamua, na watu hukosea wakidhani kikizidi ndiyo vizuri: kikipita kiwango chake chembe huanza tena kushikamana, na uji unazidi kuwa mzito. Pima mnato kwa kuongeza sehemu ya kumi ya asilimia kila mara, uangalie ni wapi unafika chini kabisa, na usimame hapo.

Zamisha sponji, iminye chini ya uji mpaka mapovu yaishe, itoe, kisha ipitishe kati ya roli mbili ambazo nafasi kati yake ni kama robo ya unene wa sponji. Kuminya kwa mkono hakutoi vipande vinavyofanana. Baada ya roli, pitisha upepo wa kikompresa ulio hafifu ili milango iliyozibwa na filamu ya uji ifunguke.

Mizani ndiyo itakayokuambia kama umefanya sawa. Chukua mchemraba wa sponji wa milimita 25. Ukisinyaa kwa asilimia 20 utakuwa wa milimita 20, wenye ujazo wa sentimita za ujazo 8. Ukitaka uwazi wa asilimia 80, kauri ni moja ya tano ya ujazo huo, sentimita za ujazo 1.6, na kwa kuwa hidroksiapatiti ina uzito wa gramu 3.16 kwa kila sentimita ya ujazo, unahitaji gramu 5.06 za kauri. Uji wa hapo juu una unga asilimia 61, kwa hiyo sponji iliyotoka kwenye roli iwe imeongezeka gramu 8.3. Ikiongezeka 6, vijiti vitavunjika kwa kidole. Ikiongezeka 11, angalia milango.

Kausha polepole, saa 24 chini ya kifuniko kisichobana, ukigeuza kipande upande mwingine kila saa kwa saa chache za mwanzo. Halafu nyuzi 60 kwa usiku mzima.

Tanuri

Hapa ndipo vipande vingi hufia. Poliyurethani huanza kuharibika kuanzia takribani nyuzi 250, na hadi 400 sehemu kubwa imekwisha kuondoka. Kabla haijaondoka hutanuka zaidi kuliko ganda la unga lililoizunguka, na gesi yake hutafuta njia ya kutoka. Wakati huo unga haujashikana. Unashikwa na gundi tu, na gundi nayo inaungua. Kwa hiyo panda kwa nyuzi 1 kwa dakika hadi 600, ambayo ni karibu saa 10, na ukae hapo saa 1. Anayetaka kuokoa muda kwa kupanda nyuzi 5 kwa dakika atakuta unga na vipande vipande. Moshi wa poliyurethani una sumu, sianidi ya hidrojeni ikiwemo, kwa hiyo tanuri liwe na bomba la kutoa moshi nje ya jengo. Dirisha lililo wazi halitoshi.

Kutoka 600 panda nyuzi 3 hadi 5 kwa dakika. Kwa hidroksiapatiti, 1,250 kwa saa 2 hadi 3 inatosha. Chini ya 1,150 chembe zinashikana nusu nusu. Juu ya 1,300 hadi 1,350 hidroksiapatiti hupoteza maji yaliyo ndani ya fuwele na kuvunjika kuwa fosfati nyingine zinazoyeyuka haraka mwilini. Hewa yenye unyevu ndani ya tanuri huchelewesha hilo. Kwa beta-trikalsiamu fosfati kikomo ni cha chini zaidi. Kwenye nyuzi 1,125 hivi beta hugeuka alfa, umbo jingine la fuwele la fosfati hiyohiyo, na alfa ina ujazo mkubwa zaidi kwa kama asilimia 7. Vijiti hupasuka kwa kutanuka huko, kwa hiyo choma kwa 1,100 na uhakikishe kipimajoto cha tanuri hakidanganyi, maana tanuri linalosema 1,100 huku kona yake ya nyuma ina 1,140 litakupa bechi ambayo nusu ni salama na nusu imepasuka. Kipande kilazwe juu ya tandiko la chembe nene za unga uleule ili kisinyae bila kukwama kwenye sahani. Kikikwama, sehemu ya chini hubaki pana na nyufa hupanda juu.

Hata ukifuata yote, kipande cha kwanza kitakuwa dhaifu, na sababu iko kwenye njia yenyewe. Sponji ikiungua huacha uwazi wa pembetatu katikati ya kila kijiti. Pembe tatu za uwazi huo ni kali, uji hukaa mwembamba juu yake, na ufa huanzia hapo kila mara. Dawa yake ni kupaka mara ya pili. Choma kipande kwa nyuzi 1,000 tu kwanza, kipate nguvu ya kushikwa, kisha kiweke kwenye uji mwepesi zaidi, maji gramu 90 kwa unga gramu 100, ndani ya chombo cha ombwe. Hewa ikitoka na kurudishwa, uji huingia nyufani na ndani ya vijiti. Toa uji wa ziada kwa kukizungusha kwenye mashine ya kutenga au kwa upepo, kausha, ndipo uchome hadi 1,250. Uwazi utashuka kwa asilimia chache na nguvu itaongezeka kuliko unavyotarajia, kwa kuwa kauri mpya imekwenda palepale palipokuwa na udhaifu.

Njia nyingine, na matumbawe

Unaweza kuchanganya unga na shanga za plastiki au chembe za nafthalini, ukagandamiza, ukaunguza shanga. Kuta zinakuwa nzima, zenye nguvu nzuri. Lakini shanga zisizogusana huzaa matundu yasiyo na milango, na zinazogusana kidogo huzaa milango ya tundu la sindano. Inabidi shanga zizidi nusu ya ujazo, na zibanwe au zipashwe joto kidogo zishikane kabla ya uji kumiminwa. Njia ya kugandisha, iliyopata umaarufu baada ya kazi ya Deville, Saiz na Tomsia iliyochapishwa 2006, huacha barafu ikue upande mmoja ndani ya uji; barafu ikitolewa kwa ombwe, kauri inabaki na vichochoro vilivyonyooka. Nguvu kwenye mwelekeo wa vichochoro ni kubwa mno, ila milango ya pembeni ni finyu. Uchapishaji wa kauri kwa sindano hukuruhusu kuchora mlango mmoja mmoja, na kwa maoni yetu ndiko kazi ya vipande vya umbo maalumu inakoelekea, ingawa tundu linalozaliwa lina kona za mraba na mfupa hupenda nyuso zilizobonyea.

Umbo ambalo binadamu hajalishinda bado ni la matumbawe. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichapisha namna ya kuyageuza: mifupa ya matumbawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti, huwekwa kwenye chungu cha shinikizo pamoja na amoniamu fosfati na maji, kwa joto linalozidi nyuzi 200, siku moja au zaidi. Kaboneti hutoka, fosfati huingia, na kila tundu hubaki mahali pake. Aina ya Porites hutoa matundu ya kama maikromita 200, Goniopora ya kama 500, na kila tundu limeungana na jirani kwa mlango mpana. Mafundi wa pwani yetu, Kilwa hadi Lamu, waliijua Porites karne nyingi kabla: waliikata ikiwa mbichi na laini kutoka baharini, wakaichonga mihrabu na vizingiti, ikakauka na kuwa ngumu. Leo matumbawe hai yanalindwa na biashara yake ya kimataifa ina vibali maalumu, na hata kisheria isingekuwa busara: mwamba wa matumbawe hukua milimita chache hadi sentimita moja hivi kwa mwaka. Tuyatazame kama mchoro wa kuiga, basi.

Kujua kama milango imefunguka

Uwazi wa jumla ni rahisi kupima. Mcheduara wa kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 10 una sentimita za ujazo 0.785. Ukiwa na gramu 0.45, gawanya upate 0.573, gawanya tena kwa 3.16 upate 0.18, ambayo ndiyo sehemu ya kauri, na uwazi uliobaki ni asilimia 82. Lakini namba hiyo inahesabu chumba chenye mlango na kisicho na mlango sawasawa. Kutofautisha, pima kipande kikiwa kikavu, kisha kikiwa kimejazwa maji chini ya ombwe, kisha kikiwa kinaning'inia ndani ya maji. Maji yaliyoingia ndiyo uwazi uliounganika, na tofauti kati yake na 82 ni vyumba vilivyofungwa. Nako hakutoshi, kwa sababu maji hupita hata mlango wa maikromita 1. Upana wa milango huonekana kwa kukata kipande na kukitazama kwa hadubini, au kwa skana ndogo ya kompyuta ya eksirei ambayo programu yake inaweza kuviringisha mpira wa kuwaziwa wa maikromita 100 ndani ya picha na kusema unafika wapi. Mpira huo ukishindwa kufika katikati, bechi hiyo isiende mbele hata kama nguvu yake ni nzuri.

Nguvu ipimwe kwa vipande 10 hadi 15 angalau, si vitatu. Kauri ya matundu hutofautiana mno kipande kwa kipande, na wastani wa vipande vitatu ni bahati tu. Weka mpira mwembamba juu na chini ya kipande, la sivyo ncha za vijiti vya juu zitavunjika kimoja kimoja na mashine itaandika udhaifu usio wa kipande kizima.

Ubora wa kiwandani unaongozwa na viwango vya ISO 13779 kwa hidroksiapatiti, 13175-3 kwa vijazio vya mfupa vya aina hii, na mlolongo wa 10993 kwa usalama ndani ya mwili. Kipande kilichotoka maabara ya chuo bila kupita humo ni cha kufundishia na cha majaribio, hakiingii kwa mgonjwa. Kinachopita huoshwa kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji safi kabla ya kufungwa, kwa sababu vumbi la vijiti vilivyovunjika wakati wa kukata hukaa milangoni, na chembe hizo ndogo zikiingia mwilini huamsha uvimbe. Ndipo hufungwa na kuuawa vijidudu kwa miale ya gama, dozi ya kawaida ikiwa kilogrei 25.

Hata chumba cha upasuaji kinaweza kuharibu kazi yote. Kipande kikavu kina hewa matunduni, na damu haipiti palipojaa hewa. Kiloweshwe kwanza kwa damu ya mgonjwa au uboho wake, kikivutwa ndani ya bomba la sindano hadi mapovu yaishe, na kiwekwe kikigusa mfupa unaotoa damu. Kikipigwa nyundo ili kiingie kwa nguvu, vijiti vya nje husagika, na unga wao huziba milango ileile ya ganda la nje ambayo mshipa wa kwanza ungeipitia.